Huku Sijambo, Hofu ni Kwenu

Sidhani kuna msomaji wa ukurasa huu, hasa yule aliyefika makamo yangu, asiyeyajua maneno haya: "Huku mimi sijambo, hofu ni kwenu." Ndiyo yaliyokuwa yakifungua barua zetu zote. Ukimwandikia mjomba aliye Lamu, ukimwandikia ndugu aliye Jeddah au Maskati, hata ukimwandikia mtu anayekudai, kwanza utamjulisha kuwa hujambo, kisha utamwambia kuwa hofu yako iko kwake. Ndipo uandike "ama baada ya salamu," useme uliyo nayo. Ni adabu nzuri, wala sikushika kalamu leo niitukane. Ninalotaka kulisema ni madhara yanayopatikana adabu hii inapogeuzwa kuwa ndiyo habari yenyewe. Barua ikaanza kwa "sijambo" na ikaisha kwa "sijambo," na katikati pasiwe na neno hata moja la kweli.

Kilichonichochea ni mpwa wangu. Binti huyu yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, naye amepata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kisha arudi amalizie shahada yake hapa hapa. Juzi alikuja na mama yake kunizuru. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, karibuni." Tulizungumza habari za viatu vya baridi, za koti, na za chakula kilicho halali na kisichokuwa. Binti alipoingia jikoni kutazama chai, dada yangu akanisogelea, akanena kwa sauti ya chini:

"Kaka, tukubaliane jambo moja. Lolote litakalotokea hapa nyumbani, mtoto asiambiwe mpaka arudi. Asije akavunjika moyo akaacha masomo."

Nilinyamaza. Sijui kama dada yangu alikuwa amesahau, au alikumbuka akadhani ni mimi niliyesahau. Kwani maneno hayo hayo yaliwahi kusemwa katika nyumba yetu zaidi ya miaka 30 iliyopita, na aliyekuwa ng'ambo wakati ule ni mimi.

SAFARI SI NGENI KWETU

Kwanza tukumbushane kuwa kusafiri si jambo geni kwa watu wa Pwani. Tumezaliwa katika kaskazi na kusi, na babu zetu walikwenda na kurudi kwa pepo hizo. Wako waliofika mbali zaidi ya vyombo vya tanga. Selim bin Abakari, kwa mfano, alifuatana na bwana mmoja wa Kijerumani mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, na safari hiyo ikachapishwa kwa Kiswahili katika kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokitoa Carl Velten mwaka 1901. Kwa hiyo Mswahili alikuwa amekwisha kuandika habari za theluji kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa.

Yuko pia Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliyeondoka kwao mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani na kukaa Hamburg. Wengi wanakijua kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1886. Wachache wanajua kuwa aliacha pia maandishi mengine aliyoyatunga kwa sura ya barua za kupeleka nyumbani. Humo ameeleza baridi, upweke na ugeni uliomwandama. Barua hizo hazikuchapishwa katika uhai wake. Yeye alifariki mwaka 1924, na wasomaji wakazipata mwaka 1993. Kila nikizifikiria barua hizo najiuliza: ni wasafiri wangapi wa kwetu walioandika ukweli wao vichwani tu, na kwenye karatasi wakaandika "sijambo"?

Wanafunzi nao wana historia yao. Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, kwa jitihada za marehemu Tom Mboya, na wengine wakafuata miaka iliyofuatia. Tangu siku hizo mwanafunzi wa ng'ambo amekuwa mtoto wa watu wengi. Wazazi huuza ng'ombe au shamba, majirani huchanga, msikiti au kanisa humwombea, na siku ya kuondoka basi zima humsindikiza uwanja wa ndege. Hayo ni mapenzi, lakini pia ni mzigo. Mtu aliyechangiwa na mtaa mzima atauambiaje mtaa huo kuwa mambo yamemshinda?

MWAKA WANGU WISCONSIN

Mimi niliondoka Mombasa mwezi wa Agosti 1992, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwenda kusoma mwaka mmoja katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Nilivaa sweta mbili nikashuka kwenye joto la kutoa jasho, kwa maana Agosti ya kule ni kiangazi. Nikajicheka, nikadhani niliyosikia juu ya baridi ni porojo. Kufika Oktoba miti ikageuka rangi, ikawa myekundu na ya manjano, nikaistaajabia. Kufika Novemba ikapukutika yote, ikabaki vijiti. Kwetu mti ukiwa hivyo umekufa, na moyo wangu ukashindwa kuamini kuwa ile mingine imelala tu.

Baridi yenyewe sitaieleza sana, maana kila arudiye kutoka Ulaya huanzia hapo. Nitasema hili tu: mji ule umekaa kati ya maziwa, na Januari ziwa la Mendota liliganda hata watu wakatembea juu yake. Niliwaona wazee wamekaa kwenye viti katikati ya ziwa, wametoboa tundu, wanavua samaki. Mimi mtoto wa bahari nilisimama ufukweni nikitetemeka, nikajiambia kuwa hapa hata uvuvi, kazi niliyoizoea kuiona tangu utotoni, sijui unavyofanywa.

Lakini si baridi iliyoniangusha. Kilichoniangusha ni kupotea kwa vitu vidogo vidogo ambavyo mtu hajui kuwa anaviegemea mpaka viondolewe.

Cha kwanza kilikuwa saa. Saa yetu ya Kiswahili imefungwa na jua: linachomoza karibu na saa kumi na mbili, linatua karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kule, mwezi wa Desemba, jua lilitua kabla ya saa kumi na nusu. Magharibi iliingia wakati ambao mwili wangu uliijua kuwa ni alasiri. Nikitoka darasani nakuta usiku. Nilikuwa nalala mchana na kukesha usiku, na nilipoamka sikujua niamkie nini.

Cha pili kilikuwa kibla. Anayeswali Mombasa huelekea karibu kaskazini kamili, kwa sababu Makka iko juu yetu moja kwa moja. Tangu utotoni kwangu kibla na kaskazini vilikuwa kitu kimoja. Madison kibla kiko kaskazini-mashariki. Ni jambo la kuelezwa mara moja likaeleweka, nami nilielezwa siku ya kwanza. Hata hivyo, kwa majuma mengi nilikuwa nikitandika msala nasimama, kisha naanza kujigeuza kidogo kidogo kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Cha tatu, na hiki ndicho kilichonigharimu, kilikuwa adabu ya darasani. Mimi nilianza kusoma chuoni, juu ya mkeka, mbele ya mwalimu mwenye bakora. Tulifunzwa kusikiliza, kuhifadhi, kuinamisha macho anapotusemeza, na kutomkatiza. Adabu hizo zilinifikisha mpaka chuo kikuu bila ya kunitia aibu. Kule nikaketi katika semina ya watu kumi na wawili, wamezunguka meza, kila mmoja anamwita profesa kwa jina lake la kwanza na kumwambia kuwa hakubaliani naye. Nikainamisha macho kwa heshima. Profesa akaona kijana asiyejali. Nikanyamaza kungoja kuulizwa. Akaona kijana asiyesoma. Sehemu kubwa ya alama ilikuwa ya kuchangia mazungumzo, nami sikuijua kanuni hiyo, au niliisoma kwenye karatasi nisiifahamu maana yake. Mwisho wa muhula wa kwanza nilishindwa somo moja na nyingine mbili nikazipita kwa tabu.

Nilikuwa mbali hata na mambo makubwa ya nchi yangu. Tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya walipiga kura katika uchaguzi wa vyama vingi uliongojewa kwa miaka mingi. Mimi nikapata habari zake kwa mistari michache gazetini, sina hata mtu wa kubishana naye barazani.

Na katika siku hizo zote niliandika nini nyumbani? Msomaji, barua hizo ninazo. Mama alizihifadhi katika sanduku lake la mvule. Ya Novemba yasema: "Huku mimi sijambo sana, hofu ni kwenu. Masomo yanakwenda vizuri. Baridi nimeizoea." Ya Januari yasema: "Huku sijambo. Nimenenepa." Mshipi wangu wakati huo nilikuwa nimeutoboa tundu la tatu kwa msumari.

SIJAMBO YA KULE NA SIJAMBO YA KWETU

Katika chuo kile mlikuwa na mama mmoja aliyewekwa kuwashauri wanafunzi wageni. Alikuwa mtu mwema. Aliniita ofisini mwake mwezi wa Desemba akaniuliza kama mambo yangu ni mazuri. Nikamjibu kuwa ni mazuri. Akashukuru, akaandika, nikatoka.

Nilimlaumu moyoni kwa muda mrefu. Nilisema: mtu gani huyu asiyetazama uso? Kwetu ukisema "sijambo" na sura imekunjana, anayekusalimu hatakuacha. Atakwambia "mbona hivyo?" Atakufuata mpaka mlangoni. Akishindwa yeye, atamtuma mkewe kwa mkeo. Sijambo ya kwetu ni kifuniko cha chungu, na kila mtu anajua kuwa kazi ya kifuniko ni kufunuliwa. Sijambo ya kule ni jibu. Ukimwambia mtu kuwa u mzima, atakuheshimu kwa kukusadiki, na atakuacha na faragha yako.

Leo nimekuwa mtu mzima, na simlaumu tena yule mama. Kila mmoja wetu alitumia adabu yake. Hatari ni kwamba mimi nilichukua ile ya kwetu ya kuficha, nikaipeleka mahali ambapo hapana adabu ya kufichua. Aliye nyumbani akificha, jirani humfichua. Aliye ugenini akificha, hufichika kweli.

Aliyenifichua mimi ni ndugu mmoja wa Tanga aliyekuwa akisomea shahada ya juu ya kilimo. Tulikutana maktabani mwishoni mwa Januari. Akaniuliza, "Hujambo?" Nikajibu. "Habari za siku nyingi?" Nikasema njema. Akavuta kiti, akaketi, akasema, "Haya, hizo ni za watu wote. Na zako mwenyewe?"

Sina haja ya kueleza machozi ya mtu mzima. Itoshe kusema kuwa jioni hiyo alinipikia wali kwa tui la kopo, na asubuhi yake akanipeleka kwa yule mama mshauri, na mchana kwa profesa. Nilimweleza profesa kwa nini siwatazami watu machoni. Akashangaa, akafikiri, akaniambia niwe nikija ofisini kwake kila Jumatano kumweleza kwa mdomo yale niliyoyasoma. Baada ya wiki nne nilianza kunena katika semina. Muhula wa pili nilifaulu masomo yote. Dawa iliyonikosesha usingizi miezi mitano ilipatikana kwa siku moja, na gharama yake ilikuwa kusema.

WANAYOSEMA WATAALAMU

Baadaye sana nikajua kuwa hali yangu ilikuwa imekwisha chunguzwa. Mwaka 1954 mtaalamu Kalervo Oberg alieleza juu ya mshtuko unaompata mtu akiingia katika utamaduni mgeni. Kwa maelezo yake, wasiwasi huo hutoka katika kupotewa na ishara zote tulizozizoea za kuishi na watu: lini upeane mikono, useme nini, lini uchukulie neno kuwa ni kweli na lini ulichukulie kuwa ni mzaha. Ndiyo ile saa yangu na ile kibla yangu.

Mwaka 1955 Mnorwe Sverre Lysgaard alichapisha uchunguzi wake juu ya Wanorwe 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aligundua kuwa waliokaa chini ya miezi sita walikuwa na hali nzuri, na waliokaa zaidi ya miezi kumi na minane nao walikuwa na hali nzuri. Waliotaabika ni wale wa katikati. Mtu huanza juu kwa furaha ya upya, hushuka bondeni, kisha hupanda tena. Mwaka 1963 mume na mke, John na Jeanne Gullahorn, wakaongeza kuwa arudipo kwao hushuka bonde la pili.

Wako waliokuja baadaye wakaonyesha kuwa si kila mtu hufuata njia hiyo sawasawa, na hilo ni haki. Hata hivyo, hebu wazazi wenzangu tufanye hesabu. Mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana hukaa miezi kumi, pengine mwaka. Kwa hesabu ya Lysgaard mtu huyo huenda akarudi angali bondeni, hajapata nafasi ya kupanda. Na sisi tutampokea kwa ngoma, tutamtaka asimulie mazuri, tutamwona amebadilika, tutasema amejivuna. Mtu anashuka bonde la kwanza peke yake, na la pili anashuka mbele ya macho yetu, na kote huko neno analoruhusiwa kulisema ni lile lile: sijambo.

NYANYA AKUSALIMU

Sasa nirudi kwenye nyumba yetu. Aliyenilea zaidi ya yeyote ni nyanya yangu, mama yake mama. Yeye ndiye aliyenishika mkono kunipeleka chuoni, na ndiye aliyenisikiliza juzuu zangu jioni. Herufi za Kizungu hakuzijua, lakini Kiswahili cha herufi za Kiarabu alikiandika kwa hati nzuri kuliko yangu. Nilipokuwa Wisconsin barua za nyumbani ziliandikwa na dada yangu, wakati huo msichana wa sekondari, na kila barua ilikuwa na mstari huu: "Nyanya akusalimu sana."

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Februari 1993. Mfungo wenyewe haukuwa mrefu, maana siku za kule bado zilikuwa fupi. Kilichokuwa kirefu ni futari. Kwetu futari ni mlio wa mwadhini, ni mbaazi na mahamri, ni watoto wanaopeleka sahani nyumba kwa nyumba. Kule nilifuturu tende mbili kwenye ukingo wa kitanda, natazama saa ukutani. Usiku mmoja nikamwandikia nyanya barua yake mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, ya kwanza na ya pekee niliyoandika ukweli mtupu. Nikamweleza muhula wa kwanza, nikamweleza mshipi, nikamwomba dua. Jibu likaja mwezi wa Aprili kwa mkono wa dada yangu: "Nyanya ameipokea barua yako, akuombea, na akusalimu sana."

Nilirudi mwezi wa Juni. Waliokuja kunipokea walikuwa wengi na walicheka sana. Nilipofika nyumbani nikaingia moja kwa moja chumbani kwa nyanya. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani.

Alikuwa amefariki mwezi wa Februari, siku chache kabla ya Ramadhani. Barua yangu ilifika hayupo. Walikubaliana wote wasiniambie, nisije nikavunjika moyo nikaacha masomo. Kwa miezi minne nilikuwa nikipokea salamu za mtu aliyelala kaburini, na nikizirudisha.

Sikuwagombeza. Walifanya kwa mapenzi, na kila nyumba ya Pwani iliyo na mtu ng'ambo inaijua desturi hii. Lakini tangu siku ile sikuweza kuziamini tena barua zozote za nyumbani. Miaka mingi baadaye nikiwa safarini, nikipata habari kuwa wote hawajambo, hujiuliza nani amekufa. Ndilo deni la uongo wa huruma: huponya siku moja, na huharibu neno "sijambo" kwa maisha.

TUFANYEJE?

Hayo ndiyo niliyomkumbusha dada yangu juzi, binti angali jikoni. Akainama. Kisha akaniuliza swali la haki kabisa:

"Kaka, na ungalijua, ungalifanya nini? Nauli ungaliipata wapi? Mazishi yetu hayangojei."

Nikamwambia kuwa nisingaliweza kuja, hilo kweli. Lakini ningalisimama na yule ndugu wa Tanga tukamswalia sala ya ghaibu. Ningalimsomea Yasini kila usiku wa Ramadhani ile. Ningalilia pamoja nanyi, japo kwa barua. Badala yake nilimwomba maiti aniombee mimi, wakati yeye ndiye aliyekuwa na haja ya dua yangu. Mlinihifadhia masomo, na nashukuru, lakini mlininyima msiba wangu. Msiba nao ni haki ya mtu.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya zamani, leo kuna simu za mkononi na mtoto huonekana uso kwa uso kila siku. Sikubaliani nao. Simu imebadilisha mwendo wa barua, haikubadilisha barua. Mtoto hupiga picha amesimama kwenye theluji anacheka, na sisi huituma kwa jamaa wote. Hatujui kuwa baada ya picha alirudi kitandani. Nasi huku huwasha kamera sebuleni, na mgonjwa hulazwa chumba cha ndani. "Huku sijambo" ya siku hizi haina maneno, ina tabasamu. Wahenga walikwisha sema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Wazazi tunaowapeleka watoto kusoma nje tufanye nao ahadi kabla ya safari, ahadi ya pande mbili. Wao watatuambia yanayowapata, hata kama ni kushindwa mtihani, hata kama mtaa ulichanga. Sisi nasi tutawaambia yanayotufika, ugonjwa, deni na kifo, kwa upole na kwa wakati wake, lakini kabla hawajayasikia kwa mtu mwingine. Tusiwaulize "umezoea?" kwani swali hilo lina jibu moja tu. Tuwaulize: leo umekula nini, na umekula na nani? Jibu la swali hilo haligeuzwi kwa urahisi.

Nanyi wanafunzi, jueni kuwa jamaa mnaowaendea hawatawafuata mlangoni. Atakayekuuliza mara moja ukamjibu "sijambo," usingoje akuulize mara ya pili. Ukitaka kufunuliwa, jifunue. Kumtazama mwalimu wao machoni na kumbishia hakukuondolei adabu yako. Ni kusema lugha ya mahali ulipo. Macho utayainamisha tena ukirudi, mbele ya mwalimu wako wa chuoni, na yeye atafurahi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Dada yangu alikaa kimya kwa muda. Binti alipoleta chai, mama yake akamshika mkono akamketisha.

"Mwanangu," akasema, "daktari aliniambia mwezi uliopita kuwa nina sukari. Nilikuwa nikufiche mpaka urudi."

Binti alilia kidogo. Kisha akafuta uso akauliza dawa ni zipi, mama anakula nini, na nani atakayempeleka kliniki. Tukapanga. Mimi nikapewa kliniki. Yeye bado ataondoka mwezi wa Septemba, na nadhani ataondoka na moyo mzito kuliko aliokuja nao. Lakini akiambiwa kule kuwa mama hajambo, atalisadiki neno hilo.

Nilimpa beti mbili atie katika mfuko wa koti lake, nami nawapa wasomaji pia wenye watoto wa kusafirisha:

Mwanangu endapo mbali, shika yangu ya moyoni,
Barua iwe ya kweli, si ya kunipa amani,
Ukiwa na dhiki kali, usiifiche tumboni,
Salamu ndio mlango, habari ziko chumbani.

Nasi msiba ukija, ukibisha mlangoni,
Tutakwambia pamoja, tulie sote jamani,
Kulia kuna faraja, kuliko kimya cha ndani,
Salamu ndio mlango, habari ziko chumbani.